Kompyuta ya dada imefufuka

Nimetoka stesheneri kwa dada sasa hivi, furaha bado imenijaa.

Kompyuta yake ina RAM ya GB 4 tu. Tangu usaidizi wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, fundi alikuwa akimwambia anunue nyingine. Hela ya wapi, na ada za watoto hizi?

Leo nimemwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwa flashi. Hatujalipa hata senti.

Nilichoogopa ni printa. Mteja kasimama na barua yake ya kuomba kazi, dada kashika kiuno.
Nikachomeka waya.
Ikatambulika yenyewe!

Karatasi ikatoka ya moto. Dada akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza usoni, akasema taratibu, "Kumbe haikuwa imekufa."

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kupigia hesabu, menyu zake kwa Kiswahili. Kwa hiyo programu huria, za bure kama Linux, si ngeni kwetu. Tunachokosa ni mafundi wa mtaani wanaojua kuweka Linux.

Majedwali ya faili mbili za Word yamevurugika, kesho narudi kuyanyoosha.

Nani mwingine anatumia Linux dukani? Printa zenu zilikubali?