Kishikio cha karata cha baba, na mfereji ulionitesa wiki tatu

Baba yangu alivuta nyavu ziwani kwa zaidi ya miaka 30 kabla hajahama Ukerewe na kuja kukaa nasi hapa Bwiru, Mwanza, na vidole alivyokuja navyo havikunjiki tena vizuri. Kikombe anakishika bila taabu, lakini kushika karata 13 zilizotandazwa kama upepo ni kazi iliyomshinda kabisa. Nyumbani kwetu tunacheza watu wanne, wawili dhidi ya wawili, karata zote 52 zikigawanywa mpaka ziishe. Basi karibu kila Jumamosi usiku, mchezo ukiwa umekolea, karata tatu au nne zilimponyoka mzee, zikalala mezani zikitazama juu, na turufu zake zikajulikana kwa kila mtu hadi mtoto wa jirani aliyekuja kuazima chumvi. Yeye alicheka. Mimi, ambaye ndiye mwenzake katika mchezo, sikucheka.

Nilichotaka kilikuwa kitu rahisi sana kukieleza: kipande cha mti chenye mfereji mrefu juu yake, karata zisimame humo, mzee azione, wapinzani wasizione. Mimi si seremala. Nafanya kazi ya kuandika hesabu za watu, na mara ya mwisho kushika randa nilikuwa shule ya msingi. Kwa hiyo niliuliza watu, na huko ndiko nilikopoteza wiki tatu.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba bila mninga nisijisumbue, kwa kuwa mti mwingine wowote utapinda. Sikatai kwamba mninga ni mti mzuri na kwamba hautikisiki ukishakauka, lakini tulikuwa tunazungumzia kijiti cha sentimita 36, si mlango wa kanisa. Nilimwachia mninga wake nikaokota kipande cha paini katika mabaki ya karakana yake mwenyewe, ambacho alinipa bure huku akitikisa kichwa. Kipande hicho bado kimenyooka.

Hata hivyo nilimwomba anichane ule mfereji kwa mashine, na hapo ndipo tulipokosea sote wawili. Msumeno wa mashine yake ulipita mara moja tu na kuacha mfereji wa milimita 4. Kwa macho ulionekana mzuri, umenyooka kama barabara mpya. Nilipoufikisha nyumbani na kupanga karata, zilisimama kwa muda wa kumeza mate, kisha moja ikaegemea nyuma, ikaisukuma ya pili, na zote 13 zikalala chali mbele ya mama watoto, ambaye alizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu.

Usiku huo nilichukua rula nikafanya hesabu ambayo ningeifanya tangu mwanzo kama nisingekuwa na haraka ya kuuliza wajuzi. Pakiti nzima ya karata 52 ina unene wa milimita 16 hivi, maana yake kila karata ina milimita 0.3. Upana wa karata zetu ni milimita 57. Ukizipanga 13 kwa kupishana milimita 25, ili namba ya pembeni ionekane, unahitaji mfereji wa milimita 357, na mahali popote ndani yake hakutakuwa na karata zaidi ya tatu zilizobebana, yaani unene wa milimita 0.9. Mfereji wa milimita 4 ulikuwa uwanja wa mpira. Nilihitaji milimita 2, au pungufu kidogo.

Jaribio la pili nililifanya kwa msumeno wa kukatia chuma, ambao kila nyumba yenye mtoto wa kiume mkorofi inao. Bledi yake moja huacha njia ya milimita 1 hivi, na kwa karata moja ni sawa, lakini karata tatu zilizobebana ziliingia kwa kulazimishwa na kutoka kwa kuvutwa, na mzee alipoivuta moja zilimfuata mbili. Nilikaa nikiitazama bledi ile kwa muda mrefu. Kisha nikachukua ya pili, nikazilaza pamoja meno yakielekea upande mmoja, nikazifunga kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme katika ncha zote mbili, na upande mmoja nikauzungushia kitambaa kuwa mpini. Nikazipitisha kwenye kipande kibovu. Karata tatu ziliingia kwa kidole kimoja na zikasimama. Nawaambieni kwa unyenyekevu wote ninaoweza kuupata kwamba nilimwamsha mama watoto saa sita usiku aje aone.

Kwa kuwa sina jiriwa, nilifunga kipande cha mti kwenye benchi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na kando yake nikafunga ubao ulionyooka ili bledi zitembee zikiuegemea. Ubao huo usipuuzwe, kwa sababu mkono unaoamini kwamba umenyooka hukata kama nyoka anayevuka njia. Kina cha milimita 10 kinatosha. Ukizidi hapo unaanza kuzificha namba za chini za karata bila faida yoyote.

Lilibaki suala la kulaza. Karata zikisimama wima kabisa, mwenyewe analazimika kuinama ili azione, na zikipata mtikisiko zinaanguka. Zinatakiwa ziegemee nyuma kidogo, kumkimbia mchezaji. Nilijaribu kukata mfereji wa mshazari kwa kuinamisha bledi, nikaharibu vipande viwili, na cha tatu nilikuwa nimeanza kukiharibu wakati baba, aliyekuwa amekaa kwenye jabali letu la nyuma ya nyumba akinitazama kwa muda wote huo bila kusema neno, aliponiita.

"Mwanangu, mbona unaulaza msumeno? Kata wima, kisha laza mti."

Alimaanisha nikate mfereji uliosimama, jambo ambalo nilikuwa nimekwisha kuliweza, halafu nirande sehemu ya chini ya kipande iwe mshazari, ili kikikaa mezani chenyewe ndicho kiegemee. Ilinichukua dakika 20. Mtu aliyeziba mitumbwi maisha yake yote alikuwa amekaa mita tatu kutoka kwangu, nami nilikuwa nikizunguka mjini kuomba ushauri.

Sasa nifike kwenye oili chafu, jambo ambalo shemeji yangu anapenda nisilisimulie. Yeye ndiye aliyesema kwamba mti usiopakwa oili chafu ya gari utaliwa na mchwa, na ni kweli kwamba watu huipaka kwenye nguzo za uzio na mbao za kenchi. Kishikio cha karata, ambacho hulala kabatini juu ya vikombe, hakijawahi kuwa nguzo ya uzio. Hata hivyo nilimsikiliza, kwa sababu alikuja na kopo mkononi, na ni vigumu kumkatalia mtu aliyebeba kopo kutoka Igoma. Nilipaka, nikakianika siku mbili, kikawa na rangi nzuri ya kahawia, nikakifuta, nikadhani kimekauka. Mfereji haukuwa umekauka. Jumamosi hiyo karata zilikaa humo saa nzima zikinywa oili polepole, na tulipozikusanya, kila iliyopita mikononi mwa mzee ilikuwa na ukingo mweusi. Hazikuwa zote, zilikuwa kama 30. Katika raundi iliyofuata mwanangu mkubwa alianza kushinda kwa namna ya kutia shaka, na ilikuwa lazima nimkague ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameshika kichwani alama za karata zote kubwa: ree ya shupaza ilikuwa na doa mfano wa samaki, na kumi ya kopa ilikuwa na mkia. Tulinunua pakiti mpya. Kile kishikio kilichanwa kuwa kuni, na hata jikoni kilitoa moshi wa gereji.

Cha mwisho nilikisugua kwa msasa namba 120, kisha 240, nikapaka vanishi ya maji mara mbili nikiuepuka mfereji, ambao niliuachia mti mtupu ili ushike karata. Ndani ya mfereji nilipitisha msasa uliokunjwa juu ya kipande cha karata mojawapo ya zile zilizoharibika. Angalau zilipata kazi.

Kwa hamasa ile nilitengeneza pia vishikio vifupi vya watoto, na sinia ndogo yenye kingo za kuwekea karata zilizobaki, kwa sababu barazani kwetu upepo wa mchana hutoka ziwani na wa usiku hushuka kutoka nchi kavu, kwa hiyo hakuna upande wa meza ulio salama. Ubao wa kuhesabia ulinipa raha zaidi. Sina keekee, basi nilitoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, mistari miwili ya matundu 30, na vijiti vya mishikaki vilivyokatwa vifupi vikawa ndio alama. Msumari wa inchi 3 ulitoa tundu kubwa, vijiti vikalala kama walevi; wa inchi 2 na nusu ulikaa sawa. Weusi wa kuungua ukabaki kuzunguka kila tundu, na wageni hudhani ni nakshi niliyoikusudia. Huwa siwasahihishi.

Mkiniuliza gharama, bledi mbili, msasa na kopo dogo la vanishi havikufika elfu 20, ukiacha pakiti ya karata, soda za watazamaji, na heshima yangu kwa shemeji.

Baada ya mwezi mmoja wapinzani wetu, yaani mama watoto na yule kijana wa madoa, waligundua kwamba mzee hupanga turufu zake upande wa kulia wa kishikio, kwa hiyo walikuwa wakitazama mkono wake unaelekea wapi kabla hata hajachomoa kitu. Tulipigwa Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne mzee alicheza muda wote akichomoa kushoto, nami mwenzake nikaamini kwamba ameishiwa, nikatoa karata zangu kubwa kwa kukata tamaa, mpaka mikono minne ya mwisho alipoanza kuchomoa turufu kutoka katikati, moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu. Tulifika 30 wao wakiwa 19. Vile vijiti vya mishikaki bado viko katika matundu hayo hayo, kwa sababu amepiga marufuku mtu yeyote kuving'oa, na sasa tunahesabu kwa chaki sakafuni.