Ngata ya Sufuria

"Mama, kwa nini sufuria yetu inavaa ngata kama mtu?" Kitinda mimba wangu aliniuliza jana nikiwa na mwiko mkononi. Nikamwambia asogee, uji unaruka. Lakini mawazo yalishafika uani kwa mama mkwe, Korogwe, mwezi wa pili wa ndoa.

Nilikuwa nimeukwepa ugali tangu nifike. Mchuzi nilipika, mchele nilichagua, daftari la madeni ya duka lao nililinyoosha. Ugali, hapana. Anayesonga hutumia mikono miwili hata kama hajawahi kuliwaza hilo: mmoja unasukuma mwiko, mwingine unashika sufuria isizunguke. Mimi mtindio wa ubongo uliniachia mmoja wa kutumwa. Wa kushoto upo, ila una mambo yake. Kadiri wa kulia unavyokazana, ndivyo wenyewe unavyojikunja, kiwiko juu, ngumi kifuani.

Siku hiyo mawifi walikuwa shambani, wakaja wageni 6. Nikabandika lita 2 za maji, nikakoroga uji, ulipochemka vizuri nikaanza kutia unga. Nusu kilo ya kwanza haikuwa na shida. Ulipoanza kushikana, mwiko ukaenda na sufuria ikaenda nao. Nasonga, inazunguka jikoni kama pia. Nikaizuia kwa goti, khanga imekunjwa katikati. Ikatulia. Ndipo jirani akapiga hodi kwa sauti ya mnadani.

Mwenye misuli kama yangu anaijua hodi ya ghafla: mwili unaruka kabla akili haijasikia. Mkono wa kushoto ukashuka, ukadaka khanga pamoja na ukingo wa sufuria, ukafunga. Ngozi ya upande ule huchelewa kuniletea habari, basi nilinusa kitambaa kinaungua kabla sijahisi moto. Nikavuta. Kosa. Misuli hii ukiivuta kwa haraka, inakaza maradufu. Nikavuta tena, sufuria ikainama.

Nikaachia mwiko. Utotoni mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha: usihangaike na vidole. Kunja kifundo cha mkono kwa ndani, taratibu, kisha toa dole gumba ukilishika shinani, si nchani. Vingine vitafuata. Nikakunja, nikalishika dole gumba, nikasubiri. Kusubiri huku mkono uko motoni si jambo la kumfundisha mtu. Vikaachia kimoja kimoja.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa amesimama na ndoo kichwani. Sijui tangu lini. Akaitua, akachukua ngata yake, akaichovya majini, akaitandika kwenye saruji kwenye pembe ya ukuta. Akaipua sufuria, akaiketisha humo.

"Haya, songa."

Nikasonga. Ngata mbichi haitelezi, na pembe ya ukuta inazuia pande mbili. Ulipokaza tukaurudisha kwenye moto mdogo umalizie kuiva. Ulikuwa na madonge, wageni wakala wakaondoka.

Leo natumia sufuria yenye mkono mrefu, naipua mwenyewe kwa kulia. Lita 1 ya maji, nusu kilo ya unga. Wakija wengi nasonga mara mbili. Zaidi ya hapo ni uzito wa kunimwagia. Ngata iwe mbichi ila imekamuliwa, maana ikilowa sana inatoa mvuke na kuchoma vidole. Asubuhi za baridi naota moto kwanza, mkono ulegee. Na nyumbani kwangu mtu anayetaka kuingia jikoni huanza kukohoa tangu ukumbini.

Watu wakitaka kunisifu hutaja shahada ya uhasibu. Mimi moyoni huwa nipo pale penye pembe ya ukuta, nikijiuliza kama yule mama alinihurumia, alinikubali, au aliona tu chakula cha wageni kinachelewa.

Miaka mingi baadaye nilijikaza nikamuuliza. Akasema hakumbuki kitu kama hicho. Kisha akataka kujua ngata yake niliipeleka wapi.