Maua ya harusi ya mdogo wangu, kutoka Nakuru hadi Kisumu

Mdogo wangu aliponipigia simu kuniambia harusi itafanyika kwa wakwe zake Kisumu, alimalizia na, "Dada, maua nimekuachia wewe." Nilikubali papo hapo. Usiku ndipo wasiwasi uliponishika. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepeleka mawaridi kwenye mazishi ya babu huko Ahero, karibu na Kisumu, na kufikia saa sita mchana yote yalikuwa yameinamisha vichwa kando ya jeneza. Iliniuma sana.

Ninaishi Lanet, Nakuru, na maua ya madhabahu kanisani kwetu nimeyapanga kwa miaka mingi. Lakini Nakuru kuna ubaridi. Hata ukichagua vibaya, hali ya hewa hukusaidia. Kisumu iko chini yetu kwa zaidi ya mita 600, na joto la kule halikupi nafasi ya pili.

Kosa langu la Ahero lilikuwa kupenda waridi lililokwisha kufunguka, kwa kuwa ndilo lenye kupendeza siku unayonunua. Tena shingo ya waridi haiinami kwa uzee peke yake. Inainama maji yasipofika kichwani, shina likiwa limezibwa na hewa iliyoingia lilipokatwa au na bakteria wa ndoo chafu. Nilikuwa nimeyabeba bila maji, nikayachomeka vilevile bila kuyakata upya.

Bibi harusi alitaka mawaridi mekundu na haidrenjia kila meza. Haidrenjia nilikataa kabisa: hunywa maji mengi na hunyauka upesi zaidi kuliko karibu ua lolote ninalolijua. Alinuna siku mbili. Tukaafikiana kwamba mawaridi yawe ya shada lake na meza kuu tu, na kwingineko niamue mimi.

Nikaanza na majani. Wengi huyachukua mwishoni ili kuziba mapengo, nami naona hapo ndipo pambo linapoharibika, kwa sababu majani ndiyo yanayolipa umbo na ndiyo yanayoficha sponji ya kuchomekea mashina. Nilikata matawi ya mkaratusi kwa jirani, nikichagua yale ambayo majani yake yamekomaa na kukakamaa. Ncha changa nilizipogoa zote, maana hizo hunyauka kwanza na kulifanya tawi zima lionekane limekufa. Nikaongeza lile kangaga lenye majani magumu kama ngozi, ambalo hukaa siku nyingi kwenye maji. Asparagasi nayo niliichukua kwa sababu ya wepesi wake.

Alhamisi nikaenda Naivasha kwa muuzaji anayepata maua yaliyobaki baada ya yale ya kusafirishwa ng'ambo kuchaguliwa. Shina likiwa fupi au limepinda kidogo, kule ni kasoro; kwa pambo la mezani, ambalo ningelikata shina kwa nusu hata hivyo, si kitu. Nilichoangalia ni kichwa. Unalishika tumba la waridi kwa vidole viwili pale chini, karibu na kikonyo, unalibinya taratibu. Likiwa gumu, ni bichi. Likibonyea, liache, hata kama rangi inakuita. Petali mbili tatu za nje ziwe zimeanza kulegea, kwa sababu tumba lililokatwa likiwa limefumba kabisa huenda lisifunguke kamwe. Shina lenye utelezi au maji yanayonuka, nilirudisha.

Kwa meza za wageni nilichukua kaneshoni nyeupe, alstromeria na statisi ya zambarau. Statisi hata ikikauka rangi yake haipotei, na alstromeria ina matumba kadhaa kwenye shina moja, hivyo ua moja likichoka jingine linafunguka.

Usiku ule nilitoa majani yote ambayo yangezama, nikakata kila shina kwa mshazari, nikayalaza kwenye ndoo safi za maji chumba cha nyuma penye ubaridi. Ijumaa saa kumi alfajiri tukaondoka ili tuipite Kericho kukiwa bado na baridi. Shangazi alikuja na ndizi mbivu za kupelekea wakwe akitaka ziwekwe nyuma pamoja na ndoo.

"Shangazi, naomba hizo zikae mbele na wewe, na dirisha liwe wazi."

"Ndizi zimekosa nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba ndizi ikiiva hutoa gesi ya etilini, na kaneshoni ikiivuta hujikunja kama iliyolala, haiamki tena. Akazipakata hadi Kisumu bila kulalamika. Mungu ambariki.

Mchana, chini ya mwembe wa wakwe, niliweka sponji juu ya maji nikaiacha izame yenyewe. Ukiisukuma kwa mkono, katikati hubaki pakavu, na shina litakaloishia hapo halinywi kitu. Shemeji akaleta mafunjo kutoka kinamasi cha Dunga, kando ya ziwa, marefu, yenye vichwa kama nywele zilizotimuka. Sikuwa nimeyapanga kwenye hesabu yangu, ila nilipoyasimamisha nyuma ya mawaridi ya meza kuu nilijua mara moja kwamba pambo limepata kwao. Pale lilikuwa la Kisumu.

Jumamosi saa tisa alasiri, wageni wakijipepea kwa ratiba za ibada, nilizunguka meza zote. Asparagasi ilikuwa imeanza kupukutika juu ya vitambaa, na sitaipeleka tena kwenye joto. Mawaridi yalikuwa yamefunguka nusu, vichwa juu. Mdogo wangu alinishika mkono akipita na shada lake, hakusema neno.

Jumatano akapiga simu. Kaneshoni bado zimesimama sebuleni, je, matawi ya mkaratusi yaliyoanza kukauka ayatupe? Nikamwambia ayafunge pamoja, ayaning'inize kichwa chini penye kivuli.