Siku moja kazini: mimi, swichi na FTP

Watu wakisikia nafanya kazi za mtandao wanajua nabadilisha paswedi za wifi tu. Haya, ya jana hii hapa.

Saa 12 asubuhi niko kwenye daladala ya Mbagala. Saa 3 niko Kariakoo kwa mteja, kabati la mitambo nimeshalifungua, vumbi nimefuta, laptopu yangu iko kwenye kebo ya konso (ya kuongea na kifaa moja kwa moja), naongea na swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi.

Swichi yenyewe Cisco Catalyst 2960 ya siku nyingi, programu iliyomo haina SSH kabisa (njia ya kuingia kwa mbali kwa siri), watu wanaingia kwa Telnet, njia ya zamani, paswedi ikipita wazi wazi. Kazi ni mbili: kutoa konfigi (mipangilio ya swichi) iende kwenye kompyuta kama akiba, halafu kuleta programu mpya yenye SSH. Zote kwa FTP, njia ya kuhamisha faili mtandaoni, maana huyu mzee SCP, ile ya siri, haijui. Najua, FTP nayo inapitisha paswedi wazi, ndo maana yuza naye namtengeneza kwa ajili ya kazi hiyo tu, ikiisha namfuta.

Saa 4 hivi meneja wa ofisi huyo. "Kijana, laptopu ya nje hairuhusiwi kwenye mtandao wetu, tumia ya kwetu." Sawa bosi. Ya kwao sasa, fayawoli (mlinzi wa kuzuia wageni wa mtandaoni) inaendeshwa na makao makuu, tumepiga simu tumesubiri mpaka adhuhuri inaadhiniwa ndo wakafungua poti 21, mlango wa FTP. Naandika copy running-config ftp:, yaani konfigi iende kwenye kompyuta, swichi inaingia, jina na paswedi vinakubaliwa, halafu kimya. Narudia, kimya! FTP ndo ilivyo bwana, poti 21 ni ya kupeana maagizo tu, data ina njia yake, na kwenye hali ya pasivu kompyuta inafungua poti nyingine huko juu swichi iifuate, fayawoli ikiona mgeni inamfungia mlango. Na meneja yuko mgongoni kwangu muda wote, "si uchomeke tu flashi?" Bosi, hii haina tundu la USB. "Basi nipige tena makao makuu?" Hapana jamani, sio simu tena!

Nikaweka no ip ftp passive kwenye swichi, yaani hiyo pasivu nimeizima. Hapo kompyuta ndo inatoka yenyewe kuifuata swichi, na fayawoli yao kinachotoka haikizuii. Konfigi ikaja fasta. Nikageuza, copy ftp: flash:, programu mpya iingie kwenye kumbukumbu ya swichi, alama za mshangao zikaanza kujipanga kwenye skrini !!!!!!!! meneja akashtuka, "hizo si eror hizo?" Hapana bosi, hilo ndo faili linaingia.

Nikahakiki faili kwa verify /md5, alama yake ya utambulisho nikailinganisha herufi zote 32 na ile ya kwenye tovuti ya Cisco, macho yameshachoka na njaa inauma. Kuwasha upya ikabidi nisubiri mhasibu afunge hesabu, na mhasibu hana haraka, giza linaingia bado anahesabu. Alipotoka nikapiga reload, dakika kadhaa za roho mkononi, taa zikarudi kijani, nikatengeneza funguo za SSH, Telnet nikaizima.

Kwenye jobukadi (fomu ya kazi ya kusainiwa na mteja) meneja anagoma kuandika masaa yote, eti "si ulikuwa umekaa tu hapo kwenye kiti?" Tumebishana weee mpaka akasaini, ila kwenye maelezo ya kazi kaandika "kurekebisha wifi".