Mihogo Niliyoipa Alama 1

Katika mwaka wangu wa pili wa utafiti wa mimea, nilikabidhiwa jaribio la mihogo katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Mtwara, ambako ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulikuwa umewazoeza wakulima kuvuna mapema, kabla mihogo haijanenepa, wasije wakaikuta imeoza ardhini. Nilijua kwamba mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey ndiye aliyeueleza ugonjwa huo kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, akiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kwenye Milima ya Usambara ya Mashariki, na nadhani kujua mambo ya namna hiyo ndiko kulikonitia kiburi.

Kila nilipozuru shamba nilipita mistarini na daftari, nikitoa alama kuanzia 1, yaani mmea usio na dalili, hadi 5. Aina moja tuliyoileta sisi ilinivutia mno, kwa kuwa vilele vyake vilikuwa vya kijani na havikujikunja, nami nikaiandikia 1 safari zote. Macho yangu yalizoea batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, ambao hujitokeza kwenye majani machanga ya juu. Michirizi ya kahawia huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, na umanjano wake niliudhania kuwa ni uzee wa jani tu.

Siku ya mavuno, mbele ya wanakijiji na mkuu wangu wa kazi, bibi mwenye shamba aling'oa shina la aina hiyo, akachagua muhogo mnene kuliko yote na kuukata. Ndani mlikuwa na madoa makavu ya kahawia. Akakata wa pili, kisha wa tatu. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.

“Mwanangu,” akasema, “kisamvu chake kizuri. Lakini makopa yake atakula nani?”

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na muhogo wa aina waliyoiita Namikonga, akaukata: mweupe pe! Miaka mingi baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionesha kuwa Namikonga na Kaleso ya Kenya ni aina moja, uzao wa kazi ya Amani ya kuchanganya muhogo na mpira-mwitu, mti wa jamii ya muhogo. Siku ile sikuyajua hayo. Nilifuta alama zangu mbele ya mkuu wangu, nikamwomba bibi pingili, naye akanihesabia kumi, akisisitiza kwamba msimu ujao nimrudishie kumi.