Sataranji ya mtandaoni: kete nyeusi zanifaa zaidi

Mwezi huu pointi hazikupanda sana. Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, huwaanzisha wageni wote kwenye 1500, na mimi nayumbayumba pale karibu na 1620, kwa michezo ya dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kila hatua. Ile ya dakika 3 nimeiweka kando. Naipenda, ila intaneti ya huku kwetu Langoni hukatika itakapo, na mchezo wa dakika 3 hausubiri mtu.

Kilichonishughulisha ni takwimu. Lichess hukupangia matokeo yako kwa rangi na kwa ufunguzi, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, na yangu yamekaa kinyume: nashinda zaidi nikiwa mweusi. Mweupe ndiye anayeanza, kwa hiyo huwa na faida kidogo. Mimi faida hiyo hunielemea. Ami yangu, bingwa wa dhumna pale Mkunguni, alichungulia simu yangu juzi akasema: "Wewe mwanangu ugomvi huanzi, wangoja uchokozwe." Sataranji haijui kabisa, lakini alinisoma barabara.

Nikiwa mweusi nacheza ulinzi uitwao Caro-Kann: e4 naijibu kwa c6, halafu d5 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao). Botvinnik aliutumia ulinzi huu mwaka 1961 alipomnyang'anya Tal taji la dunia. Uzuri wake ni kwamba askofu wa upande wa malkia hutoka kabla mlango haujafungwa. Mpinzani akisukuma e5, nampeleka askofu f5. Siku hizi wengi hujibu kwa h4, hatua aliyoicheza Tal mwenyewe katika pambano lile. Hapo ukicheza e6 kwa mazoea, umekwisha: g4, askofu akimbilia e4, f3, arudi g6, kisha h5 na amenaswa. Basi ikija h4, nami nasukuma h5. Wenye haraka huudhika, wakaanza kutoa kete sadaka ovyo, na hapo ndipo ninapovuna.

Nikaona, kwa nini nisicheze hivyo hivyo nikiwa mweupe? Ndio maana nimehamia kwenye ufunguzi uitwao London: d4, askofu f4, e3, c3. Askari wamepangika karibu sawasawa na wa Caro-Kann, na askofu yuko nje tayari. Wajuzi huuita ufunguzi wa wavivu. Na waseme. Sare zimeongezeka, vipigo vya mapema vimepungua.

Miisho ya ngome, pale ubaoni wanapobaki wafalme, ngome na askari wachache, ndiyo raha yangu. Kuna mmoja alinizidi askari mmoja: mfalme wake d5, askari e5, wangu mfalme e8. Ngome nikaituliza b6, kwenye mstari wa sita ambao mfalme wake hawezi kuuvuka. Mbinu hiyo ni ya Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa pia mtunzi wa opera. Jamaa akazungukazunguka weee, mwisho akasukuma e6. Papo hapo ngome yangu ikashuka b1 kumpigia cheki kutoka nyuma, na askari wake hakuwa tena mahali pa kumsitiri. Sare.

Kinachonisumbua sasa kwenye London ni malkia mweusi kuja b6 mapema, amenyemelea askari wa b2. Namjibu kwa malkia wangu b3. Akila, askari wa a2 hula, na ngome yangu ya a1 hupata njia wazi bila kusogea.