Ipogolo, baada ya Kitonga

Leo nalala Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kwenye nyumba ya wageni iliyopakana na maegesho ya malori. Mgongo unauma na viganja bado vinahisi mtetemo wa usukani. Kabla sijazima taa nataka kuandika jambo ambalo limenikaa kichwani tangu Morogoro: kwa sisi tunaopita kwa pikipiki barabara ya Tanzam, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, swali la kwanza la usalama ni kama dereva wa lori anajua kwamba tupo.

Kutoka Kimara hadi Kibaha mtu anafurahia njia nane. Ukishaiacha Kibaha nyuma, unabaki na lami moja ya kwenda na kurudi, na malori ya Zambia na Kongo yamefuatana bila kukatika. Mafuta na makontena yanapanda, shaba inashuka bandarini. Gari moja na tela lake, lenye ekseli saba, sheria ya Afrika Mashariki inaliruhusu kufikia tani 56. Mimi, begi langu na pikipiki yangu ya cc 150 hatufiki robo ya tani.

Baba mdogo wangu aliendesha lori njia ya Tunduma kwa miaka mingi. Siku moja tulikutana Ruaha Mbuyuni, pale penye vitunguu, akanishika mkono: "Panda huku, mwanangu, ukae kiti changu." Kisha akamwambia utingo wake aisukume pikipiki yangu kulizunguka gari polepole. Ilipokuwa mbele karibu na bampa, sikuiona kabisa. Ilipokwenda kushoto, usawa wa mlango wa abiria, ikapotea tena, na upande huo ndio mbaya zaidi kwa sababu dereva wetu anakaa kulia. Nyuma ya tela ndiyo usiseme. Nilitazama vioo vyote nikaona vitunguu na watu, pikipiki hakuna. Akaniambia, "Usipouona uso wangu kwenye kioo, na mimi sikuoni."

Kwa hiyo nikifuata lori nakaa upande wa kulia wa njia yangu, mbali kiasi cha kuona vioo vyake vyote viwili. Nachagua nguzo ya kilomita au kibao chochote. Mkia wa tela ukikipita naanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, nne. Nikikifikia kabla ya nne, nimesogea mno. Mvua ikinyesha nahesabu hadi nane, maana matairi yale yote yanarusha ukungu wa maji na matope ambao unaziba kioo cha helmeti. Mikumi napaongezea tahadhari, kwa sababu barabara inakata katikati ya hifadhi. Twiga au nyati akivuka, dereva aliye juu anamwona na kukanyaga breki, wewe uliyejificha nyuma unachokiona ni mlango wa kontena tu.

Kuovateki ndiko kunakotumaliza. Chukua lori linalokwenda 60 kwa saa, na wewe unapita kwa 80. Unalizidi mita tano na nusu hivi kwa sekunde. Gari na tela ni kama mita 20, ongeza mita 20 za kutoka nyuma yake kwa usalama na 20 za kurudi mbele yake bila kumchomekea. Hiyo ni mita 60, yaani sekunde kama 11 upande usio wako. Ndani ya sekunde hizo unasafiri mita 240, na basi linalokuja kwa 80 linasafiri 240 zake. Unahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi. Nikiwa sina hiyo nusu kilomita, nakaa nyuma hata kama walio nyuma yangu wanapiga honi.

Kisha kuna indiketa. Kila msafiri wa njia hii anajua: lori likiwasha ya kushoto, linakuambia pita, likiwasha ya kulia, tulia, kuna gari mbele. Ni wema mkubwa wa madereva na nauthamini. Lakini baba mdogo mwenyewe alinionya nisiugeuze kuwa ruhusa. Dereva anapima nafasi kwa macho yake, akikufikiria kama gari dogo lenye nguvu, hajui kwamba pikipiki yako imebeba watu wawili na inapanda mlima. Na ile ya kulia huenda ikawa anakata kweli kuingia maegesho. Ishara naipokea, halafu natazama mwenyewe.

Upepo nao una tabia yake. Lori linalokuja kwa kasi linakusukuma kwanza kuelekea ukingoni, na likishapita unavutwa kurudi katikati. Ukilipita lori, ni hivyo hivyo unapotokeza mbele ya kabini: kulikuwa kimya, ghafla unapigwa. Nabana tangi kwa magoti, nainama kidogo, mikono naiacha ilegee. Mikono ikikakamaa, kila msukumo unakwenda moja kwa moja kwenye usukani. Wala sijibanzi ukingoni mwa lami, kwa sababu pengine umemomonyoka na tairi likishuka pale halipandi tena kirahisi.

Kwenye mlima wa Kitonga leo palikuwa na foleni ndefu. Kwenye kona zile tela halifuati njia ya kichwa, linakata ndani, na lori linalopanda linaweza kuchukua lami yote ili ligeuke. Kuwa ubavuni mwake wakati huo ni kujiweka kati ya matairi na ukuta wa mlima. Yanayoshuka yanashuka kwa gia nzito, na ukisikia harufu ya breki zinazoungua ujue dereva yule ana shida. Usikae mbele yake. Breki za upepo zinachukua kitambo kuamka hadi ekseli ya mwisho hata zikiwa nzima, sembuse zilizopata moto.

Usiku siendi. Lori lililoharibika linawekewa matawi ya miti barabarani, hatua chache tu nyuma yake, na tela halina hata riflekta. Kwa taa ya pikipiki unayaona matawi ukiwa umeshayafikia. Naandika hivi kwa uchungu, kwa kuwa nawajua waliozikwa kwa sababu hiyo.

Nikiyatazama haya malori yaliyojaa hapa dirishani, naifikiria reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976 ili kubeba mizigo hii hii. Kila kontena linalorudi relini ni nafasi ya kupumua kwa mwenye pikipiki. Nasubiri siku hiyo kwa hamu.

Kesho ni Mafinga. Huko kuna magari ya nguzo na mbao kutoka shamba la miti la Sao Hill, magogo yamechomoza nyuma kupita mwisho wa tela, na asubuhi ukungu unakuwa mzito. Nimeshawapigia simu wenyeji wangu kwamba sitaondoka hapa hadi uishe. Mkutano wa saa tatu wauanze bila mimi.